Mchumba wa Kuazima

Ukitoka Dodoma kwa basi kwenda Singida mwezi Desemba, ukishapita Manyoni ujue maswali yamekaribia. Kwetu Ikungi, binti mwenye kazi mjini husubiriwa na moja tu: "Mwenzio yuko wapi?"

Mwenye swali hilo ni shangazi. Kila likizo humkuta ana mtu mkononi. Kuna mwaka alileta mwenye mashine ya kukamua alizeti. "Mtoto wa watu, anasali, hanywi, na mashine si ya mkopo." Mwaka uliofuata akaja mfanyabiashara wa vitunguu, naye akasifiwa kwa mpangilio huohuo. Mtafiti Mmarekani Harold Schneider alichapisha kitabu kizima mwaka 1970, The Wahi Wanyaturu, kuhusu uchumi wa Wanyaturu wa kwetu Singida, mifugo na mahari vikiwamo. Angemkuta shangazi, angeongeza juzuu ya pili.

Safari hii nikajikinga. Nilimtafuta mpenzi wangu wa zamani, mtu wa hukohuko kwetu, ambaye naye mama yake alikuwa akimwonyesha mabinti kila akirudi likizo. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Tukawekeana masharti: yeye aje kwetu siku moja, mimi niende kwao siku moja, kuitana "mpenzi" iwe mbele ya wazee tu, na gharama nusu kwa nusu. Sharti la mwisho lilitoka kwake. Tuliachana kwa sababu ya ubahili wake. Alikuwa akiagiza soda moja na mirija miwili, na wala si kwa mahaba.

Akaja na sukari na kitenge cha mama. Hata hajakaa vizuri, simu yangu ikalia. Alikuwa amenitumia picha ya risiti: "Nusu yako tafadhali."

Hesabu yangu ilikuwa wamwone, waridhike, kisha baada ya Pasaka niseme tumeshindwana. Kilichoniponza ni jogoo. Shangazi alimtuma mgeni akanunue kwa jirani. Kuku wa kienyeji wa Singida wanasifika mpaka Dar es Salaam, na wafugaji wake wanalijua hilo, hawapunguzi bei ovyo. Mwenzangu akampapasa jogoo kifua, akalalamikia kucha, akaaga, akaitwa, akaaga tena, akaitwa tena. Alirudi na jogoo na chenji, akaihesabu mbele ya shangazi hadi sarafu ya mwisho.

Shangazi akamgeukia mama. "Wifi, huyu hafuji mali. Huyu ndiye mume."

Kasoro niliyomwachia ndiyo sifa waliyompendea.

Jioni mjomba akaanza kuulizia mshenga. Usiku likafunguliwa kundi la WhatsApp lenye majina yetu wawili, na mweka hazina akateuliwa kabla bwana harusi hajajua kwamba ndiye bwana harusi. Bibi akauliza blanketi lake litaletwa lini, na rangi akaitaja.

Nikamwambia mwenzangu tuvunje mchezo. Kumbe bahili husoma sheria! Akanijibu kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 69, inamruhusu aliyeahidiwa ndoa kudai fidia ahadi ikivunjwa, na kifungu cha 71 kinaruhusu kudai zawadi iliyotolewa kwa sharti kwamba ndoa itafungwa. Nikamkumbusha kwamba hatukuahidiana kitu, na kitenge alikinunua akijua hakuna ndoa. Akanyamaza kidogo. "Na jogoo je?" Paja alilila yeye.

Nikamwendea shangazi na kifungu cha 16, kwamba ndoa ni kwa hiari ya wawili. Akasikiliza kwa heshima zote. "Vizuri sana mwanangu. Hiari mnayo. Sasa tupeni tarehe."

Ikabidi tuachane upya. Mara ya kwanza tulimalizana kwa simu, hata salio halikuisha. Mara hii kiliitishwa kikao cha wazee wa pande mbili, kreti za soda zikaletwa, na baba zake wadogo wakafunga safari kuja kutusuluhisha. Tulisuluhishwa mpaka jua likazama, na gharama za soda tukagawana nusu kwa nusu.

Kwa hiyo, dada yangu au kaka yangu unayepanda basi Desemba hii, ukiulizwa, sema huna mtu. Utaletewa mwenye mashine ya alizeti, mtakunywa soda, utamkataa, na yataishia hapo. Wa kukataa hana kikao. Wa kuazima ana wazee, kamati na mweka hazina.