Ng Ni Nyama Gani?

Lebo 200 zilitoka kuchapwa asubuhi ya leo, na mwandishi wa safu hii alizibeba mwenyewe hadi Marikiti, kwa mama mmoja muuza bizari. Mama akavaa miwani, akasoma, akarudia, akamwita jirani wa iliki.

"Mwanangu, 'Bizari ya supu ya ng'. Ng ni nyama gani?"

"Ng'ombe, mama."

"Na ombe umemla wewe?"

Baada ya ng palikuwa na kistari kimeegemea nyuma, kama mzee wa barazani.

Kosa ni la mwandishi. Majina ya bidhaa yalikuwa ndani ya programu, kila moja limefungwa kwa ritifaa huku na huku. Ng'ombe ana ritifaa yake, basi huwekewa mlinzi, mkwaju wa nyuma (si ule uzaao ukwaju): 'Bizari ya supu ya ng\'ombe'. Kuyachomoa majina akaandika rejeksi, yaani ruwaza ya kusakia maandishi: '[^']*'. Anzia kwenye ritifaa, zoa kila kisicho ritifaa, ukikuta nyingine simama. Ikasimama kwenye ng na kumzoa mlinzi kama bidhaa.

Dawa ni '(\\.|[^'\\])*', na hapa mwandishi huwachosha hata wanaomdai. Mabano yana njia mbili: ama mkwaju na herufi inayoufuata, vimezwe pamoja, ama herufi isiyo ritifaa wala mkwaju. (Ndani ya ruwaza mkwaju huandikwa mara mbili, maana nao hutaka mlinzi.) Na jina likiishia kwa mikwaju miwili? Wa kwanza unaulinda wa pili, ritifaa inabaki bila mtu, na jina limefungwa kweli. Anayechungulia herufi moja tu nyuma hunaswa papo hapo. Mwanahisabati Stephen Kleene alipobuni hesabu ya ruwaza hizi mwaka 1951 alikuwa akiwaza seli za fahamu, si supu.

Lakini ng' si pambo. Ng'oa ni kung'oa. Ngoa ni wivu. Hata hivyo kina Ng'ang'a bado huambiwa na fomu za mtandaoni kwamba jina lao lina herufi batili. Jina la baba wa mtu, batili! Ritifaa moja kwenye orodha ya herufi halali ingetosha, na aliyeunda fomu hakuona haja.

Mwandishi naye hajapona: Jumatano, nukta isiyolindwa kwa mkwaju, ambayo kwenye rejeksi hukubali herufi yoyote, ilisoma 2.50 na 2850 kuwa bei moja. Amelipa.

Ukipita Marikiti ukaona lebo zenye "ombe" ya kalamu, nunua tu, usiulize.