Mwisho Watu Wawili

Lile tangazo la gesti, kipande cha boksi kilichobandikwa ukutani na kuandikwa kwa kalamu nene MWISHO WATU WAWILI, limetukanwa na kila baba mwenye watoto. Mimi nalisifu.

Linamtambua mtoto. Kwenye gari la Kasoli kwenda Bariadi mtoto si mtu. Konda anasema "mpakate", na akishapakatwa amekuwa mzigo wa mkononi, sawa na kapu la michembe. Afike gesti sasa! Mhudumu anamtazama mwanangu wa miaka minne na kumhesabia kidole kizima. Wapi pengine mtoto wa mkulima wa pamba atapewa heshima hiyo kabla hajapata kadi ya mpiga kura?

Lina huruma pia kwa kitanda. Sisi tuliolelewa kulala mzungu wa nne, miguu ya kaka puani, tulidhani tano kwa sita hakichoki. Na uzazi wa mpango je? Baba analala na mvulana chumba hiki, mama na msichana chumba kile, ukuta katikati. Zahanati haijaletewa dawa ya kushinda hiyo.

Sensa ya 2012 ilikuta kaya ya Simiyu ina wastani wa watu 6.9. Sisi ni saba, tumezidi kwa nukta moja tu. Kwa tangazo, hao ni vyumba vinne, na kitanda cha mwisho kinabaki na nafasi ya shemeji.

Agosti 2022 tulilala Bariadi tukiwahi basi la alfajiri. Nilichukua vyumba viwili, nikajaza kitabu cha wageni: jina, kabila, nitokako, niendako, watu wanne. Watatu waliobaki walipitia mlango wa uani nyuma ya khanga ya mama yao, wakaangukia chumbani kwangu. Amri ilikuwa moja: mlango ukigongwa, mvunguni.

Saa sita usiku imepita kidogo, ukagongwa. Wakazama kama panya. Nikafungua. Mhudumu, na nyuma yake karani wa sensa na kishikwambi chake. Ulikuwa usiku wa kuamkia Agosti 23, na wasafiri walikuwa wanahesabiwa palepale walipolala.

"Shikamoo mzee. Samahani kwa usumbufu. Familia yako mmelala wangapi hapa?"

Nikamtazama mhudumu, nikakitazama kishikwambi. Huyu alitaka wanne. Serikali ilikuwa imetangaza miezi mizima kwamba inataka wote.

"Saba," nikasema.

Mhudumu akaanza kukunja vidole, kwa heshima ileile ninayoisifu. Karani akaendelea kubonyeza.

"Huyu wa mwisho ana umri gani?"

"Minne na nusu!" ikajibu sauti ya chini ya kitanda.

Matokeo yalipotangazwa, mkoa wetu ulikuwa na watu 2,140,497. Watatu kati yao walihesabiwa wakiwa mvunguni.