Simu ya Leicester Inalia Ngamiani

Kwenu nyote, nyumbani Ngamiani, Tanga.

Nawaandikia kutoka huku Leicester, Uingereza. Najua mtauliza barua ya nini wakati simu siku hizi ni bure. Ndiyo sababu yenyewe. Tangu simu iwe bure sijapata nafasi ya kumaliza sentensi. Naomba barua hii isomwe kwa sauti, Shangazi akiwa amekaa, na maswali yaje mwisho.

Dhumuni langu ni kueleza habari za simu ya mezani, maana nasikia huko imeshaenea kwamba nimefilisika mpaka nimekatiwa laini. Sikukatiwa. Nimekata mwenyewe, kwa akili zangu timamu, na Waingereza wote wako njiani kufanya hivyo hivyo. Mtandao wao wa simu za waya wa shaba umepangwa kuzimwa nchi nzima ifikapo mwisho wa Januari 2027. Tarehe ya kwanza ilikuwa Desemba 2025, ikasogezwa. Baada ya hapo simu ya mezani itapita kwenye intaneti au haitapita kabisa. Mimi nimewatangulia tu, tena kwa bei ya chini.

Laini ile ilikuwa ikitula pauni 20 na ushee kila mwezi hata kama hakuna aliyeinua mkonga. Na kwa miaka mingi hukuweza kuikwepa, kwa sababu intaneti ya nyumbani ilipita kwenye waya huo huo, kwa hiyo utake usitake unalipia. Sasa nani alikuwa anapiga simu hiyo? Nyie, mkibipu. Na kijana mmoja wa mauzo aliyetaka kujua kama dari yetu imewekewa pamba ya kuzuia baridi.

Wadogo zangu hamzikumbuki kadi za simu. Sisi tulipokuja huku, kupiga Tanzania kwa laini ya kawaida lilikuwa jambo la kufikiria wiki nzima, kwa hiyo tulinunua kadi dukani. Unakwangua kwa sarafu, unapiga namba yao, unaingiza tarakimu mpaka kidole kinauma, halafu mwanamke wa kwenye mashine anakuambia kwa sauti tamu kwamba una dakika 40. Dakika ya 11 anarudi kukuaga. Zile nyingine zimekwenda wapi? Soma nyuma ya kadi, maandishi ya ukubwa wa chawa: ada ya kuunganishwa, ada ya wiki, na kila nusu dakika inahesabiwa nzima. Basi tukayabana maamkizi yote kwenye pumzi moja: shikamoo-marahaba-wazima-wazima-nani-amekufa. Na hata hayo yalikuwa yakigongana, maana siku hizo sauti ilipanda mpaka kwenye setilaiti, kilomita 36,000 juu ya ikweta, ikashuka tena. Robo sekunde kwenda, robo sekunde kurudi. Shikamoo yangu ilikuwa ikikutana angani na "sema haraka, dakika zinakwenda" ya Shangazi. Mkonga wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata, sauti ikaanza kupita chini ya bahari na tukaacha kuvamiana.

Hapa nitasema neno ambalo Shangazi hatalipenda. Gharama ile ilikuwa na faida yake. Ndani ya dakika 11 hakuna mtu aliyewahi kunisimulia kesi ya mpaka wa shamba la minazi tangu alipokuwa hai babu. Niliambiwa kiasi cha mchango, nikaambiwa tarehe, simu ikakata. Michango ilikuwa na adabu. Siku hizi mchango wa kipaimara cha mtoto wa jirani unakuja na utangulizi, historia ya jirani, tabia za mkewe, na mapumziko ya kwenda kuangalia maharage jikoni, mkonga ukiwa umelazwa mezani na mimi nikiwasikiliza kuku wenu.

Turudi kwenye laini ile. Nilikwenda Belgrave Road, hapa hapa Leicester, kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya umeme. Ni mzaliwa wa Jinja. Alifika huku mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, mwaka ambao halmashauri ya jiji hili ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije Leicester. Walikuja. Leo ukitaka mihogo, ukitaka plagi, au ukitaka mtu wa kukukaripia kwa Kiswahili, unakwenda kwao. Nilipomtajia bili yangu alivua miwani. "Pauni ishirini kwa waya? Pole sana, ndugu yangu." Alinipa pole hiyo kwa uzito wa msiba.

Akanitolea kisanduku cheusi kinachoenea kiganjani. Upande mmoja kinaunganishwa na ruta, upande wa pili unachomeka simu ile ile ya zamani. Ukisema "haloo", sauti inakatwakatwa kama mchicha, vipande 50 kwa kila sekunde, kila kimoja kinaandikwa anwani na kushika njia yake, halafu vinapangwa upya kule vinakofika. Kipande kikichelewa kinaachwa. Kwa hiyo mkiona nimesema "nitatuma pe… Ijumaa", si ujanja, ni kipande kimepotea. Na kama "sitatuma" imewafikia ikiwa "tatuma", naomba pia muwe waelewa.

Mzee wa Jinja hakuniacha niondoke bila kiunganishi. Plagi ya simu ya Uingereza ina kikonyo chake pembeni, haiingii kwenye tundu dogo la kisanduku. Tena kuna waya wa tatu unaoendesha kengele. Ukinunua kiunganishi cha bei rahisi kisicho na kapasita ndani, simu kuukuu itaongea vizuri ila haitalia. Jirani yangu, mtu wa Mombasa, alinunua cha bei rahisi na akatusifia sana utulivu wa mfumo mpya, mpaka mkwewe alipokuja mlangoni kuuliza kama wamemsusa. Namba yetu ya zamani, ile inayoanza na 0116, nimehama nayo. Sharti lake ni usikate laini kabla namba haijahamishwa. Ukitangulia kukata, namba imekwenda.

Sasa kodi ya namba ni pauni chache kwa mwezi, na kupiga India ni senti. Kupiga Tanzania, hapana. Kila dakika inayotoka nje na kuingia kwenye simu za huko ina ada yake ya kuingilia, na ada hiyo haijali kwamba mimi ni mtoto wa nyumbani. Ujanja aliniambia mzee yule yule huku akifunga duka: usipige namba ya Tanzania, peleka kisanduku cha pili huko. Visanduku viwili vya akaunti moja vikiongea, kampuni inaona ni mtu wa sebuleni anamwita mtu wa jikoni. Hakuna malipo. Ndipo Baba mdogo, aliyekuja huku kwa harusi, akarudi nacho kikiwa ndani ya soksi.

Hapa ndipo nataka msikilize. Kisanduku hicho hakijui kwamba kimehama. Kwake yeye, sebule ya Shangazi ni Leicester. Mtu akipiga namba yangu ya 0116, simu inalia kwangu na inalia Ngamiani, kwa pamoja. Mimi mchana niko kazini nawahudumia wazee wa watu, na mke wangu yuko kazini. Nani yuko nyumbani? Shangazi, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, mwenye mkonga karibu na kiti chake, na muda.

Nimeanza kusikia matokeo. Yule kijana wa pamba ya dari ameelezwa kwamba dari yetu ni ya makuti, tena Shangazi hakusema uongo, alikuwa akiangalia banda la nyuma. Mwingine alipiga kama wanavyopiga hawa, akidai ana taarifa kwamba tulipata ajali isiyokuwa kosa letu na huenda tunastahili fidia. Masikini, hakujua amegusa wapi. Shangazi alimwambia ndiyo, basi lilipinduka karibu na Segera, yeye akitoka Muheza na gunia la machungwa, dereva akakimbilia porini, na tangu siku hiyo hajaulizwa na mtu. Kijana alipojaribu kumkatiza alisahihishwa nyakati za vitenzi. Mdogo wangu ananiambia mazungumzo yalivuka alasiri, na kwamba mwishoni aliyekuwa akitafuta njia ya kukata simu ni yule muuzaji. Tangu hapo kampuni hiyo haijapiga tena. Nimekuwa nikilipia huduma ya kuzuia simu za namna hiyo, nimeisimamisha.

Lakini kuna mambo si ya mzaha. Mtu akiumwa ghafla huko, msipige 999 kwenye kisanduku. Anwani iliyoandikwa kwenye namba hiyo ni ya kwangu, kwa hiyo gari la wagonjwa litakuja mlangoni kwangu Leicester na kunikuta nakula. Kwa dharura chukueni simu ya mkononi, mpige 112. Na umeme ukikatika, simu hiyo imekufa. Laini ya shaba ilikuwa ikileta umeme wake yenyewe kutoka kituo cha simu, volti 50 hivi, ndiyo maana hata ile simu yenu ya zamani ya mezani ililia gizani. Kisanduku hakina huruma hiyo. Huku jambo hili limeleta kelele kubwa, kwa kuwa wazee wengi huvaa kengele shingoni, wakianguka wanabonyeza, na kengele zile zilitegemea waya wa zamani. Hizo ndizo zilizochangia tarehe kusogezwa mpaka 2027. Mteja asiye na njia nyingine ya kuomba msaada, kampuni yake inatakiwa kumpa kitu kitakachoiwezesha simu kufanya kazi kwa saa 1 angalau baada ya umeme kukatika. Saa 1! Kwa mtu wa Tanga hiyo si kukatika umeme, hiyo ni kupepesa.

Mdogo wangu amenitumia picha ya kisanduku. Naona kimefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maneno "Karibu Mgeni". Shangazi, kazi ni nzuri, lakini hicho kinapata moto, kinahitaji kupumua. Halafu soketi yake isichomolewe kupisha pasi wala chaja za wageni. Siku ya Jumapili nilipiga, ikawa kimya, kumbe mko kwenye kunyoosha sare za kwaya. Na Baba mdogo aache kusema maongezi yangu yanamaliza intaneti. Dakika moja ya simu hii haifiki megabaiti 2. Kinachoimaliza ni tamthilia za Kituruki, na wanaozitazama anawajua, wako hapo hapo wanasikiliza barua hii.

Kuna suala la kubipu. Shangazi, simu ni bure. Ni bure kwangu, ni bure kwako, ni bure upande wowote utakaoanza. Hakuna sababu ya kuiacha ilie mara moja ukakata ili nikupigie mimi. Na ukibipu saa 11 alfajiri baada ya sala, huku msimu wa baridi ni saa 8 usiku. Naruka kitandani moyo ukinidunda, kwa sababu sisi wa enzi za kadi tunajua simu ya usiku maana yake nini, nakupigia, na unaniuliza kama nimeamka.

Binamu yetu wa Dubai amelalamika kwamba ametengwa. Huko simu za WhatsApp zimefungwa, watu hutumia Botim, na Shangazi amekataa programu nyingine kwenye simu ya mjukuu. Nimemwambia asubiri. Asije akafikiri kutengwa ni adhabu. Apate kwanza habari ya shamba la minazi.

La mwisho ni la shukrani. Huku kumpata daktari wa meno wa huduma ya serikali anayepokea wagonjwa wapya ni kazi kweli kweli. Jina langu lilikuwa kwenye orodha ya kungojea tangu mwaka juzi, na nilikwishakata tamaa. Kumbe walipiga nyumbani nikiwa kazini. Shangazi akapokea, akamwamkia yule dada wa mapokezi, akamuuliza habari za mama yake, akapewa habari zote za mama yake, akampa dawa ya miguu kuvimba. Nimepata miadi ya Jumanne saa 2 na nusu asubuhi, na nikifika niulizie kwa jina.

Shangazi, nashukuru sana. Ila nimepokea fomu yao kwa posta na imeshajazwa kwa maelezo waliyopewa na "mlezi wa mgonjwa". Naomba umpigie tena huyo rafiki yako, ni bure, umwambie sina meno ya bandia na sijawahi kuwa nayo. Hayo ni ya Baba mdogo.

Wenu mtiifu wa Leicester.