Wasifu wa Kurasa Nne, Nani Ausome?

Jamani, wasifu wa mhusika wa gemu kurasa nne! Nasonya, na nitasonya tena, maana jambo hili linauharibu mchezo ninaoupenda, na wanaouharibu ni watu wenye nia njema kabisa. Mtu anafungua akaunti kwenye seva ya kuigiza, anaunda mhusika, halafu kabla hajamsalimia mtu hata mmoja anajifungia kuandika. Ukoo mpaka babu mzaa babu. Vita vitatu. Mapenzi mawili yaliyovunjika. Jina la farasi aliyekufa utotoni. Macho peke yake yamepewa sentensi tano. Akimaliza anaingia World of Warcraft, anasimama mlangoni mwa ile nyumba ya wageni ya Goldshire, nje kidogo ya mji wa Stormwind, anangoja watu waje wazungumze naye. Hawaji. Anatoka amevunjika moyo, anatangaza kwamba seva imekufa.

Seva haijafa, mdogo wangu. Umewatwika watu kazi ya kusoma kabla hujawapa salamu. Ni sawa na mgeni anayefika barazani akaanza kuhesabu ukoo wake hadi kizazi cha saba, bado kasimama, kahawa inapoa, na wenyeji hawajui hata wamkaribishe wapi.

Maelezo siyakatai. Ninayoyakataa ni yale yasiyoshikika. Kipimo changu ni hiki: kila mstari unaouweka hadharani umpe mchezaji mwingine jambo la kuuliza, la kujibu au la kufanya. Kama haumpi kitu, mstari huo ni mali yako binafsi, uweke kwenye daftari lako. Ukipima hivyo, swali la "wasifu uwe na urefu gani" linajijibu lenyewe, na karibu kila mara jibu ni fupi kuliko ulivyoandika.

World of Warcraft ilitoka mwaka 2004 ikiwa na seva zilizotengewa waigizaji, na mpaka leo Argent Dawn ya Ulaya na Moon Guard ya Marekani zinajulikana kwa kazi hiyo. Gemu yenyewe haikuwapa watu mahali pa kuandika wasifu, kwa hiyo wachezaji wakatengeneza programu zao za nyongeza: MyRolePlay, Total RP 3 na nyinginezo. Ukipeleka kipanya juu ya mtu, unaona jina lake la kuigiza na maneno machache. Total RP 3 ina sehemu ya mambo yanayoonekana kwa jicho la kwanza, nayo imepewa nafasi tano tu. Tano! Maelezo marefu yapo nyuma yake, kwa anayetaka. Waliopanga hivyo walijua wanachofanya. Walijua kwamba watu wawili wakikutana njiani, mmoja ana sekunde chache za kuamua kama atasimama au atapita. Sasa nenda katazame: nafasi tano zile wengi wameziacha tupu, halafu ukurasa mrefu umejaa mpaka unateleza chini bila kuisha. Mnaacha mlango, mnapamba ukuta wa nyuma!

Na mazungumzo ya kuigiza kwa maandishi yana mwendo wake. Mimi naandika kitendo changu, wewe unaandika chako, watu wawili watatu mezani wanangoja zamu. Nikikaa dakika kumi nasoma habari za mjomba wako aliyekuwa nahodha, mazungumzo yameshapita, na nitakapoinua kichwa walioketi nami wameondoka. Atakayekusoma lazima asome huku anacheza, na muda wenyewe hana.

Hebu tuchukue mfano, nautunga hapa hapa. Wasifu wa aina ninayoilalamikia: "Macho yake ni ya buluu yenye kina kisichopimika. Alizaliwa katika ukoo wa kifalme uliosahaulika. Wazazi wake waliuawa mbele yake akiwa na miaka sita. Akalelewa msituni, akafundishwa upanga na bwana wa siri. Anapopita, kila mtu anahisi baridi uti wa mgongo, na hakuna awezaye kuyaondoa macho yake juu yake."

Mstari wa macho: sawa, nimeona, kisha nifanye nini? Ukoo uliosahaulika: kama umesahaulika, mimi mpita njia nimeujulia wapi? Wazazi waliouawa: pole sana, lakini mhusika wangu hajaambiwa, kwa hiyo siwezi hata kukupa hiyo pole. Na mstari wa mwisho ndio unaonitoa povu. Umeshaamua mimi nahisi nini! Baridi ya uti wa mgongo ni yangu, niihisi mwenyewe nikitaka. Waigizaji wanaliita kosa hilo pawagemu, kumlazimisha mwenzako matokeo bila ridhaa yake, na kwenye seva nyingi ukilifanya kwa vitendo utaonywa. Kwenye wasifu linapita kimyakimya kwa sababu limevaa nguo za ushairi.

Sasa mwingine: "Mwanamke wa makamo, mfupi, mabega mapana. Mkono wa kulia hauna kidole cha shahada. Nguo zinanuka moshi na samaki. Kibindoni pamechomoza barua yenye muhuri wa nta, na leo kaigusa mara nyingi. Akisikia tarumbeta za jeshi, anahama upande wa barabara."

Maneno hayajafika hata arobaini. Hesabu milango iliyofunguliwa. Mlevi anaweza kumtania kuhusu kidole. Mwizi anaitamani barua. Mpishi anamuuliza samaki anawatoa wapi. Askari akipita, kila mtu pale ameona alivyohama, na mmoja atamfuata. Hakuna aliyeambiwa ahisi nini, na hakuna aliyekosa cha kufanya. Barua ina nini ndani? Huenda hata mwenye mhusika hajaamua, na ni heri asiamue, maana jibu zuri linaweza kutoka kwa mtu atakayekutana naye wiki ijayo.

Hapo ndipo wengi wanaponibishia. Mmoja ataniambia: kaka, bila historia mhusika wangu ni gamba tupu. Nakuelewa, na mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mwenye kujua mhusika wake alikotoka anacheza kwa uthabiti, habadiliki badiliki kila usiku. Jua yote unayotaka. Jaza daftari. Lakini kulijua jambo ni kazi moja na kulitangaza ni kazi nyingine. Mwandishi Muhammed Said Abdulla alipomleta mpelelezi Bwana Msa katika riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960, alimpa kiko mdomoni na akili inayochambua, akamwingiza kwenye mkasa. Vitabu vikafuatana, na wasomaji wa Kiswahili wanamjua Bwana Msa mpaka leo. Tumemjua kwa kumwona akifanya kazi.

Michezo yenyewe ya kuigiza wahusika ilianza hivyo. Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson ilipotoka mwaka 1974, mhusika alikuwa jina, aina yake, na namba sita zilizopatikana kwa kurusha dadu tatu kwa kila moja: nguvu, akili, hekima, ustahimilivu, wepesi, haiba. Basi. Historia yake ilikuwa yale yatakayompata pangoni, na wengi hawakuchukua muda kufa, kwa hiyo kuwaandikia kurasa ingekuwa kupoteza wino. Miaka 40 baadaye, toleo la tano la mwaka 2014 likaongeza utu, lakini tazama lilivyoongeza: tabia mbili, jambo moja analoliamini, kitu au mtu mmoja aliyefungamana naye, na dosari moja. Sentensi moja moja. Dosari ikatajwa waziwazi kuwa sehemu ya mhusika! Ningependa kila anayeandika wasifu wa shujaa asiyeshindwa aikazie macho sehemu hiyo ya dosari, kwa sababu mtu asiye na pa kushikwa hachezeki naye.

Halafu kuna suala la mahali, na hapa naomba tusichanganye mambo. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw alianza kuandika gemu iliyoitwa MUD, na Richard Bartle akaiendeleza. Haikuwa na picha hata moja, yote ni maneno. Katika magemu yaliyofuata nyayo zake, kama TinyMUD ya mwaka 1989, mchezaji alijiandikia mwenyewe maelezo ya kusomwa na yeyote atakayemtazama. Kule maelezo ndiyo mwili. Usipoandika kovu, kovu halipo. Aya nzima ya mwonekano ilikuwa haki yake, na mpaka leo ni haki kwenye mchezo wa maandishi matupu.

Lakini World of Warcraft inakuonyesha mwili kwa picha. Nywele nyeusi nimeziona, shoka nimeliona, kimo nimekiona. Niandikie kile ambacho picha haiwezi: harufu, sauti, mwendo, mkono unaotetemeka, lafudhi. Na kwenye seva za GTA V zinazoendeshwa kwa FiveM, programu ambayo Rockstar, wenye gemu hiyo, waliwanunua watengenezaji wake mwaka 2023, watu wanazungumza kwa maikrofoni. Nani atasimama katikati ya barabara ya Los Santos, magari yanapita, akusome? Kule unavyomjibu polisi aliyekusimamisha ndiyo wasifu wako.

Ila kule kuna admini. Seva nyingi za GTA zinazochuja watu zinamtaka anayeomba kuingia aandike historia ya mhusika, na nyingine zinaweka idadi ya chini ya maneno. Nia yao naiheshimu. Wanataka kumtenganisha aliyekuja kuigiza na aliyekuja kugonga watu kwa gari. Lakini idadi ya maneno haimchuji mtu, inamfundisha kujaza. Muulizeni maswali ya kazi: mhusika wako amewekewa bastola kichwani, anafanya nini? Anamwogopa nani? Anahitaji pesa za nini mwezi huu? Akishindwa, atabaki nani kwenye hadithi? Majibu manne ya sentensi mbili mbili yatawaonyesha vizuri zaidi mchezaji mnayempokea kuliko insha ya utoto wenye majonzi.

Na ninyi vijana wetu mnaoomba kuingia seva hizo, naona mnanakili huzuni za sinema. Baba jasusi, mama mfu, kulipiza kisasi. Kwa nini? Los Santos imechorwa kwa mfano wa Los Angeles, mji wa wahamiaji. Mhusika wako anaweza kuwa mtu aliyekuwa kondakta wa matatu Mombasa, sasa anaendesha teksi ugenini, anatuma pesa nyumbani, na bado anagonga bodi la gari kwa kiganja akitaka liondoke. Unamjua mtu huyo. Unajua atakavyomjibu abiria mkorofi. Hutahitaji kukariri kurasa, utaongea tu, na Mswidi au Mmarekani atakayepanda gari lako atakukumbuka.

Siri nazo zimenichosha. Mtu anaandika kwenye wasifu wa wazi kwamba mhusika wake ni mpelelezi wa adui. Kesho yake kila mlinzi wa Stormwind anamtilia shaka, naye analia kwamba wenzake wanatumia habari ambazo wahusika wao hawazijui. Ni kweli wanakosea, na kosa hilo lina jina, metagemu. Lakini nani aliwapa habari? Siri iliyobandikwa ukutani haina wa kuilinda. Iweke kichwani, uache dalili moja tu nje: buti za bei kubwa kwa mtu anayedai ni ombaomba. Atakayeigundua ataigundua kwa kucheza, na furaha ya kugundua itakuwa yake.

Wale wa upande wa pili pia nawasonya, wanaoacha wasifu mtupu au wanaandika "niulize mchezoni". Nikuulize nini, ndugu yangu, nami sijaona kitu? Umenitwika kazi yote. Mistari miwili haikuui.

Sehemu zote hizi za wasifu unaweza kuzihariri wakati wowote, na watu wengi hawazigusi tena baada ya siku ya kwanza. Total RP 3 ina hata mahali pa kuandika hali ya mhusika kwa sasa hivi: analowa mvua, ana damu mkononi, ametoka msibani. Mstari huo mmoja, ukibadilishwa kila unapoingia, unavuta watu kuliko historia yote ya ukoo, kwa sababu unamwambia mpita njia nini kinatendeka muda huu na anaweza kuingilia wapi.

Basi wewe mwenye kurasa nne, usizifute. Umezitolea jasho, zihamishie kwenye daftari. Hadharani bakiza mistari sita ambayo mtu anaweza kuishika, mmoja kati yake uwe dosari. Kisha usingoje mlangoni. Mwendee aliyeketi peke yake, usome mistari yake, na umuulize kuhusu kitu kimoja alichokiandika.