Kadi Mpya, Gemu Ile Ile

Katika mambo yanayomtia binadamu hasara huku akitabasamu, ununuzi wa kadi ya michoro kwa ajili ya gemu za kompyuta unastahili nafasi ya juu, kwa sababu ni hasara inayokuja ndani ya sanduku zuri, ikiwa na feni tatu na taa zinazobadilika rangi. Kadi ya michoro ni kifaa kinachochora kila picha inayoonekana kwenye skrini, na kwa kuwa kazi yake huonekana kwa macho, mchezaji ambaye gemu yake inakwamakwama huihukumu kwanza, tena bila kusikiliza ushahidi. Prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu kuu za kompyuta, hupakwa dawa ya kijivu ya kupitishia joto na kufunikwa na kipozeo, kwa hiyo hakuna anayeipiga picha ya kuwaringishia wenzake, na kisichoonekana hakishukiwi.

Kila picha moja ya gemu, ambayo kitaalamu huitwa fremu, hupitia mikono miwili. Prosesa hutangulia kuamua adui amesimama wapi, risasi imempata nani na gari limepinda kiasi gani, kisha hutoa maagizo ya uchoraji, na kadi huyapokea na kuyageuza kuwa rangi na vivuli. Uhusiano wao ni wa saidia fundi na mwashi: mwashi awe hodari namna gani, udongo usipofika atakaa juu ya jukwaa akipiga soga, na mwenye nyumba anayemwongezea ujira ili ukuta upande haraka atakuwa amelipia soga. Ichukuliwe kwamba prosesa inahitaji milisekunde 25 kuandaa fremu moja na kadi inahitaji milisekunde 8 kuichora; gemu hiyo haitazidi fremu 40 kwa sekunde, na kadi itapumzika takriban theluthi mbili ya muda wake.

Mfano ulio karibu ni wa zile kompyuta za mezani zilizotumika maofisini Ulaya, ambazo huuzwa tena katika maduka ya Dar es Salaam na Nairobi kwa bei ya kuvutia. Iliyo na prosesa ya Intel Core i5-2400, ya mwaka 2011, yenye viini vinne vya kufanyia hesabu, iliandaliwa kwa ajili ya barua na majedwali ya mishahara, na kazi hiyo inaimudu hadi leo. Mmiliki anapoiletea RTX 3060, kadi ya mwaka 2021, ndipo sinema inapoanza. Kwanza kadi haiingii, kwa kuwa keisi nyembamba za aina hiyo hupokea kadi za nusu kimo tu. Keisi ikibadilishwa, hubainika kwamba pawa saplai, yaani kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, imeandikwa wati 240, ilhali kadi yaweza kula wati 170 na prosesa ikadai 95 zake. Pawa saplai nayo ikinunuliwa na mashine ikawaka, mmiliki huchomeka waya wa skrini kwenye tundu alilolizoea, lile la ubao mama, yaani ubao unaounganisha vifaa vyote vya kompyuta, lililo karibu na waya wa kipanya, na matokeo yake ama skrini hubaki nyeusi, ama picha huletwa na kichoraji kidogo kilichomo ndani ya prosesa yenyewe, huku kadi ya gharama ikiwasha taa zake bila kuulizwa lolote.

Waya ukishafika mahali pake, gemu yenye mji uliojaa watu na magari hukwama vilevile. Dirisha la Windows linaloonyesha mzigo wa kila kifaa husema prosesa imefika asilimia 100 na kadi iko kwenye 35, na mmiliki hufurahi kwamba amenunua kadi isiyochoka. Kisha hushusha ubora wa picha mpaka miti inafanana na mabua, na fremu hubaki 40 zile zile, kwa kuwa alichopunguza ni kazi ya kadi iliyokuwa imekaa bure. Katika hali hiyo, angeweza kupandisha ubora hadi kadi itumie milisekunde 20 kwa fremu bila kupoteza hata fremu moja, na kinachoweza kumpa nafuu ya kweli ni kupunguza umati wa wapita njia, jambo ambalo halimjii akilini kwa sababu hakuna kadi inayouzwa kwa sifa hiyo.

Kubadili prosesa nako kuna hesabu zake. Core i7-2600 huingia katika tundu lile lile la i5-2400, lakini nafuu yake ni ya wastani, na anayetaka zaidi ya hapo hulazimika kununua ubao mama mpya, pamoja na kumbukumbu mpya kwa kuwa ile ya zamani, ya aina ya DDR3, haichomeki katika mbao za sasa; ukipenda boga, penda na ua lake.

Kwa hiyo mchezaji afanye jaribio moja kabla ya kufungua pochi: ashushe ukubwa wa picha kutoka pikseli 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, kisha atazame idadi ya fremu. Zikipanda sana, kadi ndiyo yenye kosa; zikibaki palepale, prosesa ndiyo inayochelewesha. Atazame pia skrini yake, kwani skrini ya hezi 60 huonyesha picha 60 tu kwa sekunde, hata kompyuta ingetoa 200. Jaribio hilo ni la bure, nalo lina manufaa zaidi likifanywa kabla ya risiti kuandikwa.