Heko kwa Gunia la Soja

Blanketi la Raymond limekwisha kusifiwa vya kutosha. Hupelekwa mahari, huwekwa mabegani pa wazee, hupigwa picha. Gunia la soja halijapata hata mtu wa kulipangusa vumbi, na leo nimeamua kulilipa deni lake.

Unalijua. Ukipita Milimani, Nakuru, saa nane za usiku, utaliona limeketi kwenye kiti cha plastiki nyuma ya lango, limevaa marvini, tochi mapajani. Ndani yake kuna mtu: soja, mlinzi wa usiku. Mji huu uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi yake haitaki mchezo. Ya Molo nisiitaje.

Gunia hili haliuzwi dukani. Huanza na magunia mawili ya katani yaliyokwisha kubeba viazi, yakafumuliwa kwa wembe, yakakung'utwa na kuanikwa. Katikati hutandazwa maganda makavu ya mahindi, au nyasi, au magazeti yaliyofikichwa (hotuba za wanasiasa hujaza vizuri, zina upepo mwingi). Hapo shazia huingia kazini: mishono ya kwenda na ya kukata, mpaka gunia lote ligawanyike vyumba vya upana wa kiganja. Fundi mvivu akiruka hatua hii, kabla ya saa sita maganda yote yameteremkia miguuni na kifua kimebaki na katani tupu. Nje huvikwa mfuko wa nailoni wa mbolea, kwa ajili ya umande. Mwenye busara hutia na konzi ya maua makavu ya pareto, zao lililolipa Nakuru jina duniani, ili viroboto watafute pa kupanga kwingine.

Na lisidharauliwe kwa nasaba. Mkonge wenyewe, mmea unaotoa katani, ulitoka ng'ambo ya Atlantiki mwaka 1893, ukaletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf. Miche mingi ilifia safarini. 62 tu ndiyo iliyopona, na kutoka hiyo yakazaliwa mashamba makubwa ya pwani. Leo mkonge unalimwa hata hapa jirani, kwenye mashamba ya Mogotio. Nani mwingine mtaani anajifunika kitu chenye historia ndefu hivyo?

Sasa tazama vijana wanaokuja Naivasha na Elementaita kutundika machela kwenye migunga. Mfuko wao wa kulalia umegharimu mshahara wa soja, lakini usiku wa manane meno yanagongana. Sababu ni nyepesi: kinachomtia mtu joto ni hewa iliyonaswa ndani ya vijazo, na mwili ukiikandamiza kwa uzito wake, hewa hutoka. Upepo unaopita chini ya machela humalizia kazi mgongoni. Dawa ni kuning'iniza vijazo kwa nje, chini ya machela, vilegee bila kulaliwa. Soja wa jirani yangu hajawahi kuona machela, lakini gunia lake hulifunga nyuma ya kiti, kwa nje, likalegea, kisha akalizungusha mpaka kifuani.

Wenye urefu wamefikiriwa pia. Sheria inataka gunia la viazi lisizidi kilo 50, na mkulima analia kila msimu kwamba lumbesa inamnyonya. Kweli inamnyonya. Lakini gunia la kilo 50 humwishia soja mrefu magotini, na ni lile lililoongezwa kitambaa mdomoni ili kumpunja mkulima wa Molo ndilo linalofika vidoleni.

Sifa kuu nimeiweka mwisho. Gunia linawasha. Linawasha shingoni, linawasha viwikoni, na mtu akianza kusinzia, unywele mmoja wa katani humwingia sikioni akaruka wima na kumulika tochi kila upande. Ajabu ya kifaa hiki ni kipimo chake: joto la kumzuia soja asife, mwasho wa kumzuia asilale. Hakuna kampuni ya ulinzi iliyowahi kubuni msimamizi mwangalifu namna hii, asiyedai mshahara wala likizo, tena anayekuja kazini kwa gharama ya mlinzi mwenyewe.

Kwa hiyo nawasihi matajiri wa Milimani, nyinyi mnaolala chini ya mablanketi mawili huku mkisikia mwenzenu akikohoa langoni: msishawishike kumnunulia kabuti. Kabuti zito, lenye bitana na kola ya manyoya, linapatikana mitumba kwa bei ya mlo mmoja wa familia yenu hotelini. Akilivaa atapata joto, na akipata joto atalala kama nyinyi.