Jinsi ya Kuipata Fani Usiyoiomba: Mwongozo kwa Muuguzi Mpya

Hongera. Miaka 3 ya stashahada umeimaliza, mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga umefaulu, leseni unayo, na sare imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe. Mtaani umeshapewa udaktari: jirani anakuletea mguu uliovimba, mjomba anataka apimwe presha msibani, na mama anamwambia kila mgeni kwamba mwanawe atafanya kazi chumba cha upasuaji. Sasa fuata hatua hizi.

1. Itaje ndoto yako, kisha nenda unakopelekwa. Wengi wanataka upasuaji, wagonjwa mahututi au wodi ya wazazi. Ni ndoto njema, wala usiione aibu. Ila ratiba ya zamu hupangwa kwa kuangalia pengo liko wapi. Muuguzi kiongozi akikutuma usikokutegemea, chukua daftari na kalamu, uende.

2. Usiikimbie wodi inayosemwa kwa kunong'ona. Kila hospitali inayo. Mahali pengine ni afya ya akili, pengine ni ya wenye majeraha ya moto. Mwongozo huu unakupeleka tiba shufaa, kwa wagonjwa ambao maradhi yao hayatapona, wengi wao wenye saratani iliyogunduliwa ikiwa imeshasambaa. Wenzako watakupa pole kama mfiwa. Ipokee, ushukuru, uingie kazini.

3. Jifunze kuuliza maumivu. Sisi tumelelewa kujikaza. Bibi atakuambia "sijambo, mwanangu" huku ameng'ata shuka. Mwonyeshe mkono wako: ngumi ni kutokuwa na maumivu kabisa, kidole kimoja ni kidogo, vitano ni maumivu yasiyovumilika. Mwombe naye akuonyeshe wake. Akinyoosha vidole vinne, salamu zimekwisha na kazi imeanza. Andika, mpe dawa, kisha rudi umuulize tena.

4. Ijue chupa. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, na ratiba yake imekaa vizuri kwenye saa zetu: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku. Kwa kawaida dozi hiyo ya mwisho huwa mara mbili, ili mgonjwa alale hadi asubuhi bila kuamshwa. Mpe na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, maana mofini hufunga tumbo. Ndugu watauliza kama hiyo si dawa ya kulevya. Kaa nao chini, uwaeleze kwamba ikipimwa kulingana na maumivu humwezesha mgonjwa kula, kulala na kuzungumza nao. Kisha mpe bomba la kupimia yule atakayekuwa anamnywesha nyumbani, apime mbele yako hadi uridhike.

Na kuna kidonda cha saratani chenye harufu, kinachomfanya mama wa watu akatae kutembelewa hata na wanawe. Kisafishe, kisha nyunyizia metronidazo iliyosagwa. Harufu ikipungua, watoto wataruhusiwa kuingia na kukaa karibu. Siku hiyo utajua kwa nini ulisoma.

5. Wajue waliokutangulia. Akitokea mtu wa kukuambia kwamba hii si fani, mtajie Cicely Saunders, aliyeanza kama muuguzi kabla ya kuwa daktari, akafungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967. Mtajie Nairobi Hospice ya mwaka 1990, na Hospice Africa Uganda iliyoanzishwa na Dk. Anne Merriman mwaka 1993. Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha taratibu zake ili wauguzi waliosomea tiba shufaa waweze kuandikia wagonjwa mofini. Dar es Salaam, huduma hii inatolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Fani yako ina ukoo.

6. Zitambue dalili kwamba fani imekupata. Zamu imekwisha nawe bado umeketi, kwa kuwa mzee hajamaliza kukueleza habari za shamba lake. Unafuatilia mofini stoo kabla haijaisha. Unapewa nafasi ya kuhamia upasuaji, ile ile uliyoiota, na swali lako la kwanza ni nani atabaki na wagonjwa wako. Ukifika hapo usijizungushe. Omba kwenda kusomea rasmi, kwa sababu huruma peke yake haipimi dozi.

7. Mweleze mama. Mwambie kwamba hufanyi kazi ya kusubiri watu wafe. Unawaondolea maumivu watu walio hai, na familia zao unazifundisha kuwauguza. Ataelewa, na wiki ijayo atakuletea jirani mwenye mgonjwa nyumbani.

Mwisho, neno kwenu mnaopanga zamu na uhamisho. Muuguzi akishasomeshwa tiba shufaa, mwacheni kwenye tiba shufaa. Mkimhamishia kaunta ya wagonjwa wa nje kwa sababu kuna upungufu, mmeziba pengo moja kwa kufungua jingine, na anayelipa ni mgonjwa mwenye vidole vinne hewani na hakuna wa kumuuliza.